Kimeachwa kutengenezwa, mbona kiko dukani tena? Namna ya kukagua kifaa cha kusomea vitabu kabla ya kulipa

Kindle DX ya Amazon, yenye skrini kubwa ya inchi 9.7, ilianza kuuzwa Juni 2009 kwa dola 489. Oktoba 2012 ikaondolewa dukani, na wengi wakahesabu kuwa ndiyo basi. Mwaka 2013 ikaonekana tena kwenye duka lilelile. Mwaka 2014 ikaondoka, na safari hii haikurudi.

Kwa mnunuzi, kubabaika na kwa nini kampuni ilibadili mawazo hakusaidii sana. Cha kuuliza ni kifaa kilikuwa wapi muda wote huo, maana kila kilikolala kumeacha alama yake: kwenye betri, kwenye mfumo endeshi, kwenye waranti, kwenye namba ya utambulisho. Ukijua kilikotoka, unajua pa kukagua.

Tunazungumzia vifaa vya skrini ya wino wa kielektroniki, ambavyo mitaani vyote huitwa Kindle hata kama ni Kobo, Nook au Sony. Tabuleti zina mambo yake mengine.

Kuisha si kuachwa

Kindle ya kwanza kabisa ilitoka tarehe 19 Novemba 2007 kwa dola 399. Ilimalizika ndani ya saa tano na nusu, ikakosekana mpaka Aprili 2008. Hiyo iliisha tu: kiwanda kilikuwa kinaendelea, ila wanunuzi walikuwa wengi kuliko mzigo. Iliporudi, aliyeipata alipata kifaa kipya chenye betri mpya.

Kuachwa ni jambo jingine. Hapo kampuni haipeleki tena oda kiwandani. Kindle Voyage ya 2014 iliachwa 2018. Kindle Oasis, ambayo toleo lake la mwisho ni la 2019, mzigo wake ulikwisha 2024 bila mwingine kuletwa. Ukiona Oasis "mpya" leo, imelala mahali miaka, na betri yake imelala nayo.

Kisha kuna mchezo wa majina. Paperwhite zimetoka 2012, 2013, 2015, 2018, 2021 na 2024, zote zikiitwa Paperwhite. Muuzaji akiandika "Paperwhite zimerudi", hajasema kitu bado. Kwanza angalia tundu la chaji: kuanzia 2021 ni USB-C, kabla ya hapo ni micro-USB. Ikiwa ni micro-USB, uliza kama inavumilia maji. Ya 2018 ndiyo ya kwanza kuvumilia maji, kwa hiyo jibu la hapana linakurudisha 2015 au nyuma zaidi. Halafu kuna ukali wa maandishi: za 2012 na 2013 zina nukta 212 kwa inchi, na kuanzia 2015 ni 300. Maswali hayo mawili na jicho moja vinatosha kukuepusha kulipia ya 2013 kwa bei ya 2018.

Kilikuwa wapi

Chanzo cha kawaida ni akiba ya waranti. Kampuni inapoacha kifaa haiuzi vyote. Hubakiza kiasi cha kuwabadilishia wateja ambao waranti zao bado ziko hai. Marekani mara nyingi ni mwaka mmoja. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria humbana muuzaji kwa miaka miwili. Muda huo ukipita, vilivyobaki ghalani havina kazi tena, na kuviuza ni nafuu kuliko kuvitupa. Ndiyo maana ukiona kifaa kimerudi mwaka mmoja au miwili baada ya kuachwa, akiba ya waranti ndiyo ya kwanza kushukiwa. Vifaa hivi huwa ni vipya kweli, boksi halijafunguliwa. Ugonjwa wao ni mmoja, betri.

Chanzo cha pili ni vilivyorudishwa na wateja vikakarabatiwa. Zawadi za Krismasi ambazo hazikupendwa hurudi Januari, hukaguliwa, hufutwa, hufungwa upya. Hapa tofautisha aliyekarabati. Amazon yenyewe inapouza Kindle iliyothibitishwa kukarabatiwa huipa waranti ileile ya kifaa kipya. Duka la mtu binafsi linaloandika "imekarabatiwa" linaweza kumaanisha imepanguswa vumbi. Si lazima iwe mbaya, ila usiilipie kama ile ya kwanza.

Mzigo wa mawakala hauna maneno mengi: maduka makubwa hurudisha visivyouzika, au mzigo wa nchi moja ukahamishiwa nyingine. Kagua lugha ya menyu na kama skrini inaonyesha matangazo inapolala. Kindle za bei ya chini huuzwa pamoja na matangazo hayo, na kuyaondoa kunataka malipo kupitia akaunti.

Mara chache kundi jipya kabisa huunganishwa. Mtengenezaji wa paneli za skrini akitangaza kuwa anaacha saizi fulani, kampuni hununua za mwisho kwa wingi. Paneli, bodi na makasha vikibaki stoo, huunganishwa vyote vikauzwa. Paneli karibu zote za aina hii hutoka E Ink, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997 na kununuliwa na Wataiwani 2009, hivyo E Ink ikiacha saizi, kampuni za vifaa hazina pengine pa kukimbilia. Ukibahatika kupata kifaa cha kundi kama hili, umepata kilicho bora, kwa sababu betri ni ya juzi.

Cha mwisho ni vifaa vya taasisi. Kindle DX ilijaribiwa mwaka 2009 kwenye vyuo vikuu vya Marekani, kikiwemo Princeton na Arizona State. Kwetu huku, shirika la Worldreader, lililoanza Ghana mwaka 2010, limepeleka Kindle mashuleni hadi Kenya, Uganda na Tanzania. Miradi hufungwa, vifaa hugawanywa, vingine huuzwa kihalali, vingine hupotea njiani. Kifaa chenye stika ya shule au mradi si haramu kwa sababu ya stika. Ila muuzaji aonyeshe karatasi ya mnada au ya kuuziwa. Akikosa, achana nacho hata kama bei inatia tamaa: taasisi inaweza kukifungia wakati wowote.

Na kampuni inakubalije kuuza kitu ilichokwisha kukitangulizia mazishi? Kwa DX jibu liko wazi. Baada ya 2014 Amazon haikuwa na skrini kubwa nyingine mpaka Kindle Scribe ya Novemba 2022, yenye inchi 10.2. Miaka minane msomaji wa makaratasi makubwa aliachwa bila mrithi. Kifaa kilichoachwa bila mrithi kina wateja wake, na wateja hao hawasubiri kipya. Ndiyo maana hata leo utakutana na DX za mitumba zenye bei isiyolingana na umri wake.

Namba ya utambulisho ndiyo cheti cha kuzaliwa

Kila Kindle ina namba ya herufi na tarakimu 16. Kwenye DX ingia ukurasa wa mwanzo, bonyeza Menu, kisha Settings. Namba iko chini. Kwenye za karibuni ingia Settings, Device Options, Device Info. Linganisha na iliyobandikwa kwenye boksi. Zisipofanana, boksi ni la kifaa kingine, na neno "mpya" limekufa hapohapo.

Herufi nne za mwanzo ndizo zinazoongea. Kwa DX: B004 ni nyeupe iliyouzwa Marekani, B005 ni nyeupe ya kimataifa iliyotoka Januari 2010, na B009 ni ya rangi ya grafaiti iliyotoka Julai 2010 kwa dola 379. Tofauti si rangi tu. Nyeupe zina skrini ya E Ink ya kizazi cha zamani kiitwacho Vizplex, grafaiti ina ya kizazi kilichofuata, Pearl, ambayo weusi wake umekolea zaidi. Ziweke mbili hizo sambamba chini ya taa ya ndani na utaona: kwenye nyeupe herufi ni za kijivu juu ya kijivu. Kama unanunua DX, nunua B009. Nyeupe ichukue ikiwa ni ya bure.

Mwombe muuzaji picha ya ukurasa huo wa Settings kabla hujapanda daladala. Asiyetaka kuituma ana sababu yake.

Betri

Hapa ndipo vifaa vilivyolala huharibikia, kwa hiyo usiende haraka.

Betri ya lithiamu hujimaliza polepole hata kifaa kikiwa kimezimwa. Ikijaa ina volti 4.2, ya kawaida ni 3.7. Ikishuka chini ya volti 3 hivi, sakiti ya ulinzi iliyo ndani ya betri hukata njia ili kuilinda. Kifaa kinaonekana kimekufa kabisa: hakiwaki, hakionyeshi chochote, au kimegandia kwenye mchoro wa betri tupu wenye alama ya mshangao. Wauzaji wengi huuza vifaa vya namna hii kama "vibovu, vya vipuri", na wanunuzi wenye subira huvipata kwa bei ya soda.

Kujaribu kukiamsha, fuata mpangilio huu:

1. Kipapase mgongoni na kingo zote. Kasha likiwa limeinuka, limeachia mwanya au linabonyea kama mkate, betri imevimba. Usikichomeke. Usikibonyeze kirudi. Mwachie mwenyewe.
2. Chomeka kwenye chaja ya kawaida ya ukutani ya volti 5. Tundu la kompyuta lina nguvu ndogo na mara nyingi halitoshi kuamsha betri iliyolala miaka.
3. Kiache saa 3 hadi 4 bila kugusa kitufe. Kila unapokiwasha mapema, unatumia chaji ndogo iliyoingia, kinaanguka tena.
4. Kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 40. Kwenye DX na Kindle za zama zake, telezesha swichi na kuishikilia sekunde 15 hutosha.
5. Kikiwaka, kiache kijae kabisa kabla ya kufanya lolote, hasa kabla ya kusasisha mfumo.

Kikigoma baada ya usiku mzima, betri inataka kubadilishwa. Fundi mwenye mita apime kwenye ncha za betri. Ikisoma chini ya volti 2.5 baada ya chaji ya usiku mzima, hakuna cha kuokoa. Wapo mafundi wanaoisukumia umeme moja kwa moja ili "kuishtua". Wakatalie. Betri iliyoshuka sana huota shaba ndani, na ikishtuliwa inaweza kuwaka moto wiki moja baadaye ikiwa chini ya mto wako.

Vifaa vya USB-C vina kituko chao. Baadhi havipokei chaji kwa waya wenye USB-C pande zote mbili, vikahukumiwa kuwa ni vibovu. Jaribu waya wenye ncha pana ya zamani upande wa chaja kabla hujakata tamaa.

Kikishaamka, pima kinavyotunza chaji. Jaza, zima mawasiliano yote, weka vitabu viwili vitatu tu, kiache kilale saa 12. Kifaa kizima hakitapoteza zaidi ya asilimia moja au mbili. Kikipoteza kumi, betri imechoka. Angalizo moja: usipime siku uliyoingiza vitabu mia mbili. Kifaa huvisoma vyote kimyakimya ili kutengeneza faharasa ya kutafutia maneno, na kazi hiyo hunywa betri kama maji. Kwenye Kindle, tafuta neno lisilo na maana, kama "zzqx". Matokeo yakikuambia kuna vitabu ambavyo havijaingia kwenye faharasa, bado kinafanya kazi hiyo. Subiri.

Kubadilisha betri si kazi ngumu, ila kasha nyingi zimebanwa kwa vibano vya plastiki au gundi. Tumia kadi ya benki iliyokwisha muda, si bisibisi. Nyuma ya skrini hizi kuna kioo chembamba sana, na ukikunja kifaa wakati wa kufungua, kioo hupasuka ingawa uso wa mbele unabaki laini bila mkwaruzo. Betri mpya iwe ya umbo lilelile na plagi ileile. Usinunue kwa kuangalia uwezo peke yake, yaani namba ya mAh inayoonyesha kiasi cha chaji betri inachobeba. Kindle Keyboard ya 2010 inatumia ya mAh 1750, Kindle ya 2011 isiyo na kibodi ni mAh 890. Muuzaji akikupa betri ya kifaa kidogo yenye maandishi ya mAh 3000, ameandika ndoto yake.

Skrini

Skrini ya wino hudanganya. Hushikilia picha bila umeme, kwa hiyo kifaa kilichokufa kinaweza kuonyesha picha nzuri ya mwandishi mashuhuri miaka yote. Usikubali kuonyeshwa kifaa "kimelala". Kiwashwe mbele yako, kurasa zigeuke.

Geuza kurasa 30 mfululizo. Tafuta mistari ya kusimama au ya kulala isiyobadilika, pembe iliyoganda na picha ya zamani, na mabaka meusi yenye ncha kama utando wa buibui. Hivyo vyote ni kioo cha ndani kupasuka, na havitengenezeki. Ni kubadili skrini nzima, ambayo kwa kifaa kilichoachwa hupatikana kwa kuchinja kingine. Kivuli hafifu cha ukurasa uliopita si ugonjwa. Kwenye vifaa vingi skrini hufanya weusi na weupe mara moja kila baada ya kurasa kadhaa kikafutika.

Chenye taa ya mbele kipeleke gizani au kifunike na koti. Washa taa nusu. Paperwhite ya 2012 hujulikana kwa vivuli vya rangi upande wa chini, na vikiwa vidogo havizuii kusoma. Doa jeupe kali lisilohama ni tundu au kijivimbe kwenye tabaka la mwanga, na usiku litakukera kila siku.

Gusa na mgongo. Baadhi ya kasha za mpira laini za miaka ya 2010 zimeanza kunata, hasa zilizokaa kwenye joto na unyevu. Kitambaa chenye spiriti huondoa unato huo pamoja na rangi.

Akaunti

Kindle isiyotolewa kwenye akaunti ya mwenye nayo wa kwanza bado ni yake. Akikiripoti kimepotea, hakisajiliki tena. Washa kifaa na uangalie jina kwenye ukurasa wa mwanzo au kwenye Settings. Likiwapo, mwenye jina akitoe mwenyewe, kwenye kifaa au kwenye akaunti yake mtandaoni. Kisha sajili wewe, papo hapo, kwa mtandao wa simu yako, kabla hela haijatoka mkononi. Kikisajilika, lipa.

Kwa vifaa vya 2012 na nyuma jaribio hilo halikuhakikishii mengi. Amazon ilivitaka visasishwe kabla ya tarehe 22 Machi 2016. Kilicholala ghalani tangu kabla ya hapo kitakataa kuunganishwa mpaka usasishe kwa mkono. DX yenyewe haina Wi-Fi kabisa. Ilitegemea mtandao wa simu wa 2G na 3G uliolipiwa na Amazon, na kampuni za simu za Marekani zilizima 3G mwaka 2022. Ichukulie kama kifaa cha waya tu.

Kusasisha kwa mkono ni hivi. Pakua faili la mfumo la toleo hasa la kifaa chako kutoka kurasa za msaada za Amazon, unganisha kwa waya, liweke faili kwenye ngazi ya juu kabisa ya kifaa, nje ya folda zote, chomoa kwa kufuata utaratibu, kisha ingia Settings, bonyeza Menu, chagua Update Your Kindle. Maneno hayo yakiwa yamefifia na hayabonyezeki, sababu huwa hizi: faili umeliweka ndani ya folda ya documents, faili ni la toleo jingine, kompyuta imeongeza "(1)" kwenye jina kwa kuwa umelipakua mara mbili, au betri iko chini. Na kama kompyuta haioni kifaa kabisa, badili waya kwanza. Nyaya nyingi za bei rahisi hupitisha chaji bila data.

Tarehe nayo ikague. Betri ikiisha kabisa, saa ya ndani hurudi nyuma miaka mingi, na kifaa chenye Wi-Fi kitakataliwa na tovuti kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika.

Vitabu vitaingiaje

Watu wengi hujua jibu la swali hili wakiwa wameshalipa. Tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Kwa kifaa chenye Wi-Fi hilo ni usumbufu tu. Kwa DX, ambayo haina njia nyingine, ni mwisho wa vitabu vya dukani.

Vitabu visivyofungwa kwa ulinzi wa kuzuia kunakiliwa bado vinaingia. Faili za vitabu huja kwa maumbo tofauti, na DX haisomi EPUB, wala AZW3. Inataka MOBI ya zamani, TXT au PDF. Programu ya bure ya Calibre hubadilisha: chagua umbo la MOBI, na kwenye mipangilio ya MOBI chagua aina ya "old", na kifaa "Kindle DX". Ukisahau hilo, kitabu kinaweza kuingia kisifunguke au kifunguke na aya zilizovurugika. Project Gutenberg wana faili la Kindle za zamani tayari. Hadithi za Kiswahili za African Storybook zinapatikana kama PDF; picha za rangi zitageuka kijivu, lakini maandishi yatasomeka. Kiswahili hakina herufi za pekee, hivyo hata kifaa cha kale hakitakutolea miraba mitupu. Kwa matini ya Kiarabu tumia PDF iliyobeba fonti zake yenyewe, na ijaribu kabla ya kununua.

Kobo, Nook na Sony husoma EPUB moja kwa moja. Duka la Sony la Marekani lilifungwa Machi 2014 na wateja wakahamishiwa Kobo, lakini vifaa vyenyewe bado vinapokea faili kwa waya bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa mtu anayenunua kifaa kilichoachwa, hiyo ni sababu tosha ya kuvipendelea.

Kwa nini mtu aitake DX, na alipe ngapi

Chukua PDF ya A4, labda tasnifu ya chuo. Karatasi ina upana wa milimita 210. Skrini ya DX ni inchi 9.7, nukta 1200 kwa 824, nukta 150 kwa inchi, kwa hiyo upana wake ni milimita 139 hivi. Ukurasa mzima unapungua hadi asilimia 66: herufi ya saizi 12 inakuwa kama 8. Sasa kata kingo nyeupe za milimita 25 kila upande kwa kutumia programu ya bure kama k2pdfopt. Maandishi yenye upana wa milimita 160 yanaingia kwenye 139, yaani asilimia 87, na herufi inabaki saizi 10 na ushei. Inasomeka bila miwani ya ziada.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa skrini ya inchi 6 ya zama zile, nukta 800 kwa 600. Upana ni milimita 91. Herufi ya 12 inakuwa 5, na hata ukikata kingo haifiki 7. Utaishia kusogeza ukurasa kushoto na kulia kama anayetafuta sindano. Hapo ndipo thamani yote ya DX ilipo. Anayesoma riwaya tu haihitaji. Inchi 6 yenye nukta 300 na taa inamtosha, tena haimlemei mkononi.

Kwenye bei, jumlisha kwanza gharama ya betri, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni nzima. Jumla hiyo ikizidi nusu ya bei ya kifaa cha leo chenye ukubwa uleule wa skrini na kazi ileile, nunua cha leo. Kilichokarabatiwa na kampuni yenyewe kikiwa na waranti kamili kinaweza kuvuka nusu. Kilichokosa risiti, boksi na jina la mwenye nacho wa kwanza kisifike hata robo. Cha taasisi kisicho na karatasi hakina bei.

Ukiagiza kupitia ndugu aliye Marekani, Uingereza au Dubai, mwambie akiwashe na kukichaji hukohuko, maana hukohuko ndiko kwenye haki ya kurudisha. Asafiri nacho kwenye mkoba wa mkononi. Betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo wa tumbo la ndege. Kikiwa kimevimba, asipande nacho.